Sonona ya Uzeeni Hutibiwa kwa Vitendo, Siyo kwa Kupumzishwa

Katika nyumba nyingi za Mwanza, mzee akianza kunyamaza, kukosa usingizi na kusukuma sahani pembeni, familia humpa kitu kimoja kwa moyo mweupe: pumziko. Jembe linaondolewa mkononi mwake, mbuzi wanakabidhiwa kijana, funguo za duka zinahamia kwa mkwe, na kila akijaribu kuinuka anaambiwa, "Babu kaa tu, sisi tupo." Heshima hiyo ni ya kweli na imetoka mbali. Lakini kwa mzee mwenye sonona, yaani ugonjwa wa moyo mzito unaodumu, pumziko la namna hiyo ndilo linalozidi kumzamisha. Ipo tiba iliyochunguzwa kwa zaidi ya miaka 50 ambayo inakwenda njia nyingine kabisa: inamrudishia mzee shughuli zake, kwa mpango, kidogo kidogo, hata kabla hajajisikia kuzifanya. Naiita hapa tiba ya vitendo. Ni tawi la tiba ya kisaikolojia, na mtu anaweza kuitumia peke yake au pamoja na dawa.

Kwanza tujue tunazungumzia ugonjwa gani. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa takriban asilimia 5.7 ya watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60 duniani wana sonona. Kwa hiyo si kweli kwamba uzee wenyewe ni huzuni. Wazee walio wengi hawana ugonjwa huu, na aliye nao ana ugonjwa unaotibika. Daktari huanza kuufikiria pale dalili zinapodumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi: moyo mzito au kutofurahia tena kilichokuwa kinafurahisha, na pamoja na hayo usingizi kuharibika, hamu ya kula kubadilika, uchovu, kujiona hana thamani, akili kushindwa kutulia, mwili kuwa mzito au kuhangaika, na mawazo ya kifo.

Shida ni kwamba wazee wetu mara nyingi hawasemi, "Nina huzuni." Mzee atasema kifua kinabana, mgongo unawaka, kichwa kinavuma, tumbo limejaa gesi, mwili umekufa ganzi. Atazungushwa kwa malaria, kwa taifodi, kwa vidonda vya tumbo, na pengine kwa mganga, na pesa za familia zitaisha kabla mtu yeyote hajamuuliza swali moja rahisi: "Bibi, ni kitu gani ulikuwa unakipenda ambacho sasa hukifanyi?"

Swali hilo ndilo mlango wa tiba yenyewe.

Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani, Charles Ferster, alieleza sonona kwa kuangalia anachofanya mgonjwa badala ya kuchimba tu yaliyo kichwani mwake. Aliona kwamba mwenye sonona hupunguza matendo yanayomletea kitu chema, na huongeza matendo ya kukwepa. Katika miaka hiyohiyo Peter Lewinsohn, huko Oregon, aliliendeleza wazo hilo. Mtu anapopoteza vyanzo vya furaha na vya kuthaminiwa, moyo hushuka. Moyo ukishuka, anajitenga. Akijitenga, vyanzo vilivyobaki navyo vinakauka. Mzunguko unajikaza wenyewe. Lewinsohn alitengeneza orodha ndefu ya mambo ya kupendeza ya maisha ya kawaida, akawaomba wagonjwa waangalie ni yapi wameyaacha, kisha akawasaidia kuyarudia.

Sasa angalia uzee ulivyo kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, uone jinsi maelezo hayo yanavyokaa mahali pake. Mvuvi hastaafu kwa barua wala kwa kiinua mgongo. Siku moja goti linakataa kupanda mtumbwi, na kwa mkupuo mmoja anapoteza kipato, wenzake wa usiku, habari za mwaloni (pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa), na jina lake. Mama aliyeanika dagaa miaka 30 anapata mtoto wa jicho, hatambui tena sura za wateja, anaacha kwenda. Mume anakufa. Watoto wanahamia Dar es Salaam au Kahama. Sikio linazibika, mazungumzo yanakuwa kazi, na mzee anajifunza kutikisa kichwa tu ili asiulize mara ya tatu. Kila pengo kati ya hayo linaondoa kitu kilichokuwa kikiurudishia moyo nguvu. Na hapo ndipo sisi wenye heshima tunapokuja kuyamalizia yaliyobaki kwa neno "pumzika".

Kukwepa nako kuna utamu wake, na hapa ndipo pagumu kueleweka. Mzee anayebaki ndani asubuhi ya Jumapili anapata nafuu papo hapo: hakuna wa kumuuliza habari, hakuna goti la kuuma njiani. Nafuu hiyo ya dakika chache ndiyo inayomfundisha mwili wake kubaki ndani tena Jumapili ijayo. Baada ya miezi kadhaa anasema hana nguvu za kutoka, na ni kweli hana. Hajadanganya wala si mvivu.

Ndiyo maana "jichangamshe, mzee" si tiba. Kumwambia mwenye sonona ajichangamshe ni kumdai kitu ambacho ugonjwa wenyewe umekinyang'anya, na akishindwa anabeba aibu juu ya ugonjwa. Tiba ya vitendo haimngoji mtu apate hamu ndipo atende. Mtumbwi wa tanga ukikosa upepo katikati ya ziwa, mvuvi huchukua kasia; upepo ukija, ni faida. Mshauri humsaidia mzee kuchagua tendo dogo, kulipangia saa na mahali, kulifanya jinsi moyo ulivyo siku hiyo, halafu kuangalia lilimfanyia nini.

Nieleze kwa mfano wa kutunga, uliokusanywa kutoka maisha ya wazee wa aina hii. Tuseme ni mzee wa Igombe, mvuvi wa dagaa, miaka yake 70 na ushee. Mkewe amefariki, mtumbwi umeuzwa. Anaamka saa 9 usiku, saa ambayo zamani angekuwa ziwani na taa zake wakati wa giza la mwezi, na anakaa akitazama dari hadi alfajiri. Mchana anasinzia kwenye kiti uani. Anasema mwili umeisha.

Katika vikao vya mwanzo mshauri hamshauri lolote. Anamwamkia, anaketi naye, na wanatengeneza kumbukumbu ya wiki: alfajiri alifanya nini, saa 4, mchana, jioni, na moyo ulikuwaje kuanzia 0 hadi 10. Asiyeandika si tatizo. Mjukuu anaweza kuandika, au ziwekwe kokoto 10 kwenye bakuli na mzee atoe kadiri anavyojisikia. Saa zinafungwa kwenye vitu anavyovijua tayari: adhana, kengele ya kanisa, taarifa ya habari redioni. Wiki ikiisha, mara nyingi kitu hujitokeza ambacho hata mzee hakukitegemea. Siku zote moyo ulikuwa 2, isipokuwa Jumanne jioni ulifika 5. Jumanne kulikuwa na nini? Kijana wa jirani alileta wavu uliochanika, akauliza jinsi ya kuushona.

Mpango unaanzia hapo. Haumwambii aende mwaloni kesho. Unasema: kila baada ya chai, kabla jua halijawa kali, atakaa chini ya mwembe wa getini na sindano ya nyavu kwa dakika 15, na mjukuu fulani ndiye atakayetoa kiti. Jina la mjukuu linatajwa, kwa sababu mpango usio na mwenyewe haufanyiki. Tendo la pili ni kutembea hadi kona na kurudi, baada ya goti kuangaliwa zahanati na kupata fimbo inayomfaa kimo. La tatu ni kutolala mchana zaidi ya nusu saa, maana usingizi wa mchana ndio unaoiba wa usiku.

Akishindwa siku 3 kati ya 7, mshauri mzuri halaumu. Anauliza kilitokea nini. Pengine dakika 15 zilikuwa nyingi, ziwe 5. Pengine mkwe alimzuia kwa kumwonea huruma, basi mkwe aitwe kwenye kikao. Pengine mzee anakwepa getini kwa sababu wenzake wakipita watamuuliza mtumbwi uko wapi. Hilo la mwisho ni hazina, kwa sababu sasa tumejua kinachokwepwa. Wanafanya mazoezi ya jibu fupi ambalo mzee mwenyewe ataliona halimshushi: "Niliuza, goti limenikataa. Wewe leo umepata ndoo ngapi?" Wiki zinazofuata, na baada ya majibu hayo kutoka mdomoni mara kadhaa, mwaloni unaweza kuingia kwenye mpango.

Na yale mawazo ya saa 9 usiku? Tiba hii inayachukulia nayo kama tendo. Kuyazungusha yaleyale kichwani ni jambo ambalo mtu analifanya, mahali fulani, saa fulani, na linaweza kupimwa: baada ya saa nzima ya kuwaza, kuna uamuzi uliopatikana, au moyo umeshuka tu? Kama umeshuka, kinawekwa kitendo kingine mahali pake. Anainuka kitandani, anakaa, anawasha redio kwa sauti ndogo, au anasali rozari au uradi wake, hadi usingizi urudi. Hakuna anayembishia mzee kuwa anavyowaza ni makosa. Kwa mtu wa miaka 75 aliyezika mke na watoto 2, sidhani kama kuna kijana mwenye haki ya kumsahihisha mawazo.

Nisieleweke vibaya kwamba sonona ni ugonjwa wa wasio na kazi. Bibi wa Kisesa anayelea wajukuu 5 baada ya wazazi wao kufariki anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Ukimpelekea mpango wa kuongeza shughuli utakuwa umemuonea. Kumbukumbu yake ya wiki itaonyesha siku zilizojaa wajibu hadi ukingoni, na hakuna hata nusu saa ambayo ni yake. Kwake tiba ni kupunguza na kubadilishana: mjukuu mkubwa achote maji Jumamosi ili bibi arudi kwenye kwaya aliyoiacha, au akae na wenzake wa jumuiya akimenya viazi vya michembe huku wakicheka. Wakati mwingine kinachomlemea ni tatizo la kutatuliwa, kama michango ya shule au shamba linalogombewa, na sehemu ya kikao inatumika kulivunja vipande: lipi liko mikononi mwake, nani aendewe kwanza, lini.

Lipo pia jambo la Usukumani ambalo mshauri akilipuuza anaweza kumweka mtu hatarini. Kwa miongo mingi wanawake wazee wa ukanda huu wamesingiziwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni na samadi kavu miaka yote waliyopikia familia zao. Wengine wameuawa. Bibi wa namna hiyo anapojifungia ndani, kabla ya kumwita mkwepaji lazima ujue kama hofu yake ina sababu. Ikiwa ipo, kazi ya kwanza ni usalama: mwenyekiti wa kijiji, afisa ustawi wa jamii, polisi, ndugu wanaoaminika. Mazoezi ya kutoka nje yanafuata baadaye, na kwa kuanzia kwenye nyumba ambazo ana hakika nazo.

Je, kitu rahisi hivi kinatibu kweli? Swali hilo liliwasumbua wataalamu pia. Tangu miaka ya 1960 Aaron Beck, huko Philadelphia, alikuwa amejenga tiba inayounganisha vitendo na kuchunguza mawazo, nayo ikasifika sana. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake waliigawa tiba hiyo vipande kwa wagonjwa kama 150. Waliopata kipande cha vitendo peke yake walipona sawa na waliopata tiba nzima. Mwaka 2006 timu ya Sona Dimidjian ilichapisha ulinganisho mwingine, na kwa wagonjwa wenye sonona kali tiba ya vitendo ilikwenda sambamba na dawa.

Kwetu sisi majaribio yenye uzito zaidi ni yale yaliyofanyika kwenye maeneo yenye wataalamu wachache. Huko Goa, India, washauri wasio wataalamu wa saikolojia walifundishwa kutoa tiba ya vitendo kwa vikao 6 hadi 8, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha wagonjwa wao wakipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Huko Guarulhos, Brazil, wahudumu wa afya ya jamii waliwatembelea nyumbani wazee wa miaka 60 na kuendelea kwa wiki 17. Jaribio hilo la wazee 715 lilichapishwa mwaka 2022: baada ya miezi 8, asilimia 62.5 ya waliotembelewa walikuwa wametoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 44 ya wenzao. Na Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda ameonyesha kuwa hata mabibi wa mtaani, wakifundishwa na kusimamiwa, wanaweza kuketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kutatua yanayomlemea. Tiba yao ni ya kutatua matatizo, ndugu wa karibu wa hii. Ninapoyasoma hayo nawaza wahudumu wa afya wa mitaa ya Mabatini na Buhongwa, ambao tayari wanajua ni nyumba ipi ina mzee asiyetoka.

Guarulhos pia inatupa kipimo cha unyenyekevu. Zaidi ya theluthi moja hawakuwa wamepona. Tiba hii peke yake haimtoshi kila mtu, na kabla ya kuianza mzee apimwe mwili: sukari, presha, wingi wa damu, tezi ya shingo, na orodha ya dawa anazokunywa, kwa kuwa baadhi ya magonjwa na dawa huleta sura ileile ya uchovu na huzuni. Macho na masikio yaangaliwe. Operesheni ya mtoto wa jicho inaweza kumrudishia bibi soko lake, na hilo nalo ni tiba. Usahaulifu nao uchunguzwe. Sonona humfanya mzee asahau, lakini mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayelalamika kuwa anasahau na hali imeanza ndani ya wiki au miezi michache. Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huingia polepole, na mara nyingi wanaouona kwanza ni wa nyumbani. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla ndani ya siku 1 au 2 ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Dawa zina nafasi yake, hasa sonona ikiwa kali. Ila kwa wazee zinataka uangalifu. Amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, inaweza kuwaletea kizunguzungu na kuanguka, kufunga choo, mkojo kugoma, hata kuchanganyikiwa. Dawa isianzishwe wala kukatishwa bila daktari.

Mzee akisema, "Nimechoka kuishi," au "Mungu anichukue tu, nawasumbua," asikemewe wala asichekwe. Aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kunamfungulia mlango wa kusema. Akikiri, asiachwe peke yake, sumu za pamba na dawa za mifugo zitolewe nyumbani, na apelekwe hospitali. Vivyo hivyo kwa aliyeacha kula na kunywa, au anayesikia sauti za kumlaumu. Hao hawaanzii kwenye mpango wa wiki.

Kwa Mwanza njia huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, au hospitali ya kanda ya Bugando ambako kuna huduma za magonjwa ya akili. Ulizeni dirisha la wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea, na matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza ni ahadi ya serikali. Unapofika, usiseme tu "anaumwa mwili." Sema ameacha kufanya nini, tangu lini, analala saa ngapi, anakula nini, na anakunywa dawa zipi. Beba dawa zenyewe.

Mzee akishapata nafuu, kazi ya mwisho ya vikao ni kuandaa karatasi ya kurudi kwa ugonjwa, kwa sababu sonona hupenda kurudi. Inaandikwa naye, kwa maneno yake: dalili zangu za kwanza ni hizi (kwa mzee wetu wa Igombe, kuacha kunyoa ndevu na kurudisha kiti uani), siku ngumu zangu ni hizi (kumbukumbu ya kifo cha mke, miezi ya mvua ambayo hawezi kutoka), vitendo vilivyonisaidia ni hivi, watu wa kuambiwa ni hawa, namba zao ni hizi. Nakala moja inabaki kwake na nyingine kwa mtu anayelala nyumba hiyo, si kwa mtoto aliye Dar es Salaam. Mvua zikikaribia, kiti kinatafutiwa baraza mapema.